Mikono Arobaini ya Kushoto

Fundi alihesabu mara ya kwanza akadhani macho yanamdanganya. Mara ya pili aliuchukua kila mkono wa koti akauweka kwenye bega lake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akajua macho hayana kosa. Mikono ilikuwa arobaini kama alivyoagiza, ya makoti ishirini ya wahudumu wa hoteli. Ilikuwa imekatwa vizuri, kingo zimenyooka, hakuna hata mmoja ulioliwa na mkasi. Ila yote arobaini ilikuwa ya kushoto.

Kitambaa chenyewe kilikuwa na uso na mgongo, upande mmoja unang'aa na wa pili umefifia. Mkataji akikikunja uso kwa uso, kila akikata anapata mkono wa kulia na wa kushoto. Akitandaza tabaka juu ya tabaka, nyuso zote zimeangalia juu, atatoa mkono uleule mpaka kitambaa kiishe. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulijua, na Zuba alikalishwa kwenye meza ile ya kukatia tangu miguu yake haijafika sakafuni.

"Jana nilikuambia nini?" Fundi aliuliza.

Zuba, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa kamba, cha pili bado. "Uliniambia nikate mikono."

"Na nini tena?"

Msichana alitazama juu, kwenye boriti, kama mtu aliyeweka kitu pale na sasa hakioni.

"Nilikuambia kunja uso kwa uso, pima, piga chaki, kata, na ukimaliza uzime pasi. Maneno yote hayo yalikwenda wapi?"

"Pasi niliizima, Mama."

Mama Vifungo, mwanamke aliyekodi kona ya duka hilo kwa kazi ya kutia vifungo na matundu yake, aliinua mkono mmoja wa koti akautazama kwenye mwanga. "Haya, mwenzangu. Hao wahudumu wa hoteli mkono wa kushoto watabeba sinia, wa kulia wauache nyumbani kwa mke."

Fundi hakucheka. Alichukua rula ya mbao. Kabla hajasema neno, Zuba alikuwa ameshanyoosha viganja vyote viwili, kama mtu anayepokea chenji. Mama Vifungo akageuza uso. Rula ilishuka mara mbili, na msichana hakulia. Alivikunja viganja akavitia mfukoni.

Nyuma ya kioo cha wateja ilikuwa imechomekwa fomu ya kumwondoa mtoto shule. Mwalimu mkuu alimpa Fundi wiki ile, baada ya muhula wa tatu wa kufeli. "Mama, binti yako hasumbui mtu," alisema, "lakini hayupo. Darasani umeleta mwili tu. Kama una ufundi nyumbani, mpe ufundi, kiti apewe mwingine." Fomu ilitaka saini za wazazi wote wawili, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa Jumatatu. Baba yake Zuba, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho kwa jinsi alivyowajibu wateja, mtu wa kuchukua mwezi kupigilia bawaba moja, aliisaini fomu hiyo kabla chai yake haijapoa. Saini yake ilikuwa na mkia mrefu kama wa mjusi. Iliyobaki ilikuwa ya Fundi.

"Jumatatu naipeleka," Fundi alisema. "Mungu ni shahidi yangu, nilitaka usome."

"Mama, mimi shule naitaka."

"Ungeitaka ungesoma! Uzi wa mashine ukitatizika, sote tukaushindwa, nani huketi nao saa mbili bila kuinuka mpaka ukanyooka? Si wewe? Basi ukitaka unaweza. Hutaki tu."

Zuba alifungua mdomo kujibu. Nje alipita mtu anakokota bati, bati likalia, na kichwa cha Zuba kikageukia huko. Alipokirudisha, jibu lilikuwa limekwisha kumtoka.

"Unaona?" Fundi alimwambia Mama Vifungo. "Zuba ni Zuba."

Jina hilo alilitunga yeye mwenyewe, siku mtoto alipotumwa chumvi akarudi na manyoya ya kuku matatu. Mtaa ukalipokea kwa furaha.

*

Safari ya hospitali siku ya Ijumaa haikuwa ya Zuba. Ilikuwa ya mdogo wake, Cheche, mwenye miaka minane, ambaye shule ilikataa kumpokea tena bila barua ya daktari. Cheche alikuwa amepanda juu ya kabati la vitabu wakati wa hesabu, akaulizwa anafanya nini huko, akajibu kwamba huku juu hesabu zinaonekana vizuri zaidi. Fundi alimchukua Zuba ili amshike mdogo wake asije akapotelea wodini.

Mpaka wanaitwa, Cheche alikuwa amejipima uzito mara sita, amemuuliza mlinzi kama kofia ile analala nayo, na amezunguka chini ya benchi mpaka mzee mmoja mgonjwa akapandisha miguu yake juu. Watu walimtazama Fundi kwa macho yale wanayotazamwa nayo kina mama wasiofunza watoto. Yeye alitazama saruji.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, mpole wa sauti. Alimuuliza Fundi maswali mengi. Mtoto anakaa mpaka chakula kiishe? Anangoja zamu yake? Anamkatiza mtu? Tangu lini? Nyumbani tu, au na shuleni, au na kwa jirani? Cheche alijibu matatu kabla hayajafika mwisho.

"Kipimo cha damu ni lini?" Fundi aliuliza.

"Hili halina kipimo cha damu, mama. Kipimo chake ni kuuliza na kutazama, na kuuliza tena. Mwanao si mkaidi. Breki za mwili wake zinachelewa kushika. Akiambiwa tulia, anataka, ila mwili umeshafika juu ya kabati."

Fundi aliona machozi yanamjia akayarudisha. Miaka minane aliambiwa hajui kulea. "Afadhali huyu dada yake," alisema, kwa kutaka naye aonekane ana mtoto mmoja wa kusifiwa. "Huyu hata umsahau ndani hasikiki. Ana uzembe tu."

Daktari alimtazama Zuba. Msichana alipewa kadi ya Cheche aishike mlangoni, na kadi ilikuwa sakafuni. Yeye alikuwa anatazama namna feni inavyokata kivuli chake ukutani.

"Uzembe upi?"

Fundi akaeleza. Alieleza kwa kicheko kidogo, kama mtu anayesimulia vituko: chumvi na manyoya, daftari lililosahauliwa kwenye paa la choo, maagizo matano ambayo lilifika la mwisho peke yake, mikono arobaini. Alipofika kwenye uzi uliotatizika, daktari aliacha kuandika.

"Saa mbili bila kuinuka?"

"Ndiyo maana nasema akitaka anaweza."

"Mama, wengi wao wako hivyo. Jambo likiwashika, linawashika kweli. Lisipowashika, hata uwachape hawawezi kulishika wao." Akavua miwani. "Tatizo la umakini halina sura moja. Kuna wanaopanda makabati, kama huyu. Hao shule inawaona siku ya kwanza. Kuna wanaokaa kimya wakatazama dirishani, kila neno linawapita kama maji kwenye chekeche. Hao hawaonekani, hasa wasichana, kwa sababu hawamsumbui mtu. Wengine wana yote mawili. Sisemi huyu analo. Anayezubaa pengine hasikii vizuri, au hapati usingizi, au kuna jambo linamwumiza. Ndiyo maana tunauliza kwanza. Karani, nifungulie binti huyu jalada."

Karani alikwenda, akakawia, akarudi na jalada lililokwisha kupauka. "Daktari, huyu analo tayari. La miaka mitatu."

"Si yeye," Fundi alisema. "Huyu sijawahi kumleta hapa."

Daktari alifunua karatasi ya kwanza, ya pili, halafu akasoma polepole, kwa sababu mama yule alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti. Mtoto ameletwa na baba yake baada ya barua ya mwalimu wa darasa. Masikio mazima. Macho mazima. Akili nzuri, kupita wenzake. Dalili za upungufu wa umakini, wa aina ya kimya, tangu utotoni, nyumbani na shuleni. Baba amepewa barua ya shule. Wazazi wote wawili warudi baada ya mwezi mmoja. Hawakurudi.

Chini kulikuwa na saini. Mkia wake ulikuwa mrefu kama wa mjusi.

Miaka mitatu iliyopita Fundi alikuwa kwa mama yake mzazi, akimuuguza mpaka akamzika. Aliporudi aliulizia nyumba, mume akamwambia wote wazima.

*

Bwana Kesho alikuwa karakanani kwake, katikati ya kabati lisilo na milango na vitanda viwili visivyo na chaga. Penseli ilikuwa sikioni na yeye alikuwa anaitafuta mezani.

"Penseli iko sikioni," Fundi alisema, akaiweka nakala ya karatasi juu ya randa.

Mume aliitazama muda mrefu kuliko inavyochukua kuisoma. "Mama watoto," alisema, "nilisahau."

"Ulisahau?"

"Wewe unanijua. Nilitaka kukuambia siku uliyorudi, nikakuta una msiba. Nikasema kesho. Ile kesho ikapita na zingine zikapita nayo. Hii karatasi ya shule nayo nilisaini kwa sababu ulitaka wewe. Mimi nimekataa lini jambo lako?"

Fundi alikuwa amekuja na maneno mengi, yakamwishia mdomoni. Kwani alikuwa anasema uongo? Mtu huyu alisahau siku ya harusi yake mwenyewe mpaka akafuatwa. Aliwahi kupeleka jeneza kwenye nyumba isiyo na maiti. Na saa moja tu iliyopita daktari alimwambia Fundi kwamba kusahau kwa aina hii si dhambi, kwamba hutembea ndani ya ukoo, mzazi kwa mtoto, kama urefu wa pua. Leo amwonee huruma binti kwa kusahau, na baba amhukumu kwa kosa hilohilo?

Alirudi nyumbani. Aliomba Mungu amsamehe kwa kumdhania mumewe vibaya na amwondolee hasira, na ikamtoka karibu yote.

*

Jumamosi asubuhi Zuba alikuwa uani anafua sare. Soksi moja ilikuwa kwenye kamba, na ya pili ilikuwa mkononi mwake tangu muda. Alikuwa anatazama povu linavyopasuka. Fundi alivuta kigoda akaketi karibu. Viganja vya mtoto vilikuwa vyekundu kwa sabuni, au kwa rula. Hakutaka kujua.

"Mwanangu, unaikumbuka siku baba alipokupeleka hospitali? Nilipokuwa kwa bibi?"

Alitegemea kumwona akitazama juu. Zuba hakutazama juu. Aliiweka soksi ndani ya beseni.

"Naikumbuka. Daktari alikuwa mwanamume. Alinipa vibao nivipange. Alisema nina akili."

"Na mbona hukuniambia?"

"Baba alisema nisikuambie."

"Siku ile."

"Siku ile, na kila shule ikifunguliwa." Zuba alisema kama anayesema jambo la kawaida. "Ananinunulia kalamu mpya, tukifika kwenye kona ananiuliza, 'Lile letu bado ni letu?' Namwambia bado ni letu. Ndipo ananiacha niingie."

Fundi alihesabu kichwani. Mihula mitatu kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Mara tisa. Mtu aliyeshindwa kukumbuka penseli iliyo sikioni mwake alikumbuka mara tisa, kwenye kona ileile, na kalamu mkononi.

"Alikuambia ni kwa nini?"

"Alisema ukijua kichwa changu hakiko sawa utaniondoa shule. Kwa hiyo nikanyamaza." Alisukuma povu kwa kidole. "Hata uliponipiga nilinyamaza. Halafu akasaini niondolewe. Mimi nilikaa na lake, Mama. Yeye hakukaa na langu."

Yapo maneno ambayo mzazi akiyasikia kwa mwanawe hana pa kuyapeleka. Fundi alichukua soksi ndani ya beseni akaifua yeye, ikatakata, akaendelea kuifua.

*

Mchana Bwana Kesho alipokuja kula alikuta chakula kwenye meza na mkewe amesimama.

"Lile letu bado ni letu?" Fundi alimuuliza.

Kijiko kilirudi kwenye sahani.

"Nilikaribia kukusamehe," Fundi alisema. "Jana ile nilitoka kwako nikaenda kumwomba Mungu anisamehe mimi, kwa kukudhania vibaya. Uliniacha mpaka nikakuombea."

"Sikiliza, mke wangu."

"Nasikiliza."

Alipoanza, alikuwa anaiambia sahani. "Daktari alimaliza maswali ya mtoto akaanza yangu. Ulikuwaje ukiwa mdogo? Na kila alichouliza kilikuwa mimi. Baba yangu alinitoa shule nikiwa na umri wa huyu, akaniambia ng'ombe ana akili kunizidi. Nikasema nikiileta ile karatasi nyumbani utaisoma, utanitazama mimi, useme kumbe nimeolewa na mgonjwa, na sasa ananizalishia wagonjwa. Nikaona heri mtoto aitwe mzembe kuliko kuitwa mgonjwa wa akili."

"Heri kwa nani?"

Alikisogeza kijiko kando ya sahani.

"Kwa nini ulisaini?"

"Mwalimu wake mpya ameanza kuuliza. Aliniletea barua, kama ya yule wa kwanza. Nikaona akitoka shule, maswali yatakwisha."

"Nilikuwa nampiga mbele yako," Fundi alisema. "Unakula, mimi nampiga. Ungesema neno moja tu, baba watoto. Hata lisiwe la hospitali. Useme tu, mwache, hata mimi nilikuwa hivyo."

"Tutaongea. Leo una hasira. Kesho…"

"Kesho yako ina miaka mitatu." Aliondoa sahani ingawa haijaisha. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kufanya hivyo.

Cheche, aliyekuwa chini ya meza muda wote bila mtu kujua, alitoa kichwa. "Baba, na wewe ulikuwa unapanda makabati?"

"La," Bwana Kesho alisema. "Mimi nilikuwa kama dada yako."

Zuba alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliyasikia. Baba yake alimtazama mara moja, halafu akatafuta kofia yake, akaikosa, akatoka bila kofia.

*

Jumatatu mwalimu mkuu aliipokea fomu akaigeuza huku na huku. "Baba ameshasaini. Pako patupu, mama."

"Pataendelea kuwa patupu." Fundi aliweka juu yake nakala ya karatasi ya hospitali, na barua mpya mbili za daktari, moja ya Cheche na moja ya Zuba. "Daktari anataka binti yangu akae mbele, mbali na dirisha. Aambiwe jambo moja moja, na aandikiwe. Mwezi ujao daktari atawauliza mnavyomwona."

Mwalimu mkuu alisoma, akakohoa. "Hii ya kwanza ni ya zamani. Mbona hatukuletewa?"

Fundi angeweza kusema. Ofisi ilikuwa na karani, na karani ana mdomo, na kufikia jioni mtaa mzima ungejua Bwana Kesho amefanya nini. Alifunga kamba za mkoba wake.

"Imeletwa leo," alisema.

Kwa siku kadhaa zilizofuata, mwanamume yule alilala karakanani, kwenye kimoja cha vitanda vile visivyo na chaga, juu ya mbao. Wateja walishangaa kuona kabati limepata milango.

Dukani Fundi alinunua kitambaa kingine kwa fedha yake na mikono ishirini ya kulia ikakatwa. Aliyeikata ni Zuba. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na kipande cha kadibodi kilichoandikwa neno moja tu, TANDAZA. Zuba alikitandaza kitambaa, mara hii mgongo juu. Mama yake akageuza kadibodi, nyuma pameandikwa PIMA. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na Mama Vifungo alisema hajawahi kuona meza ya fundi yenye mabango kama njia panda, lakini mara mbili Fundi alipotoka na kurudi alimkuta yeye ndiye anageuza.

Mikono ishirini ya kushoto iliyozidi ilibaki kwenye kapu. Rula ya mbao Fundi aliipeleka nyumbani, akaipachika chini ya mguu wa kabati lililokuwa likicheza.

Jioni moja walibaki wawili. Uzi wa mashine ulikuwa umetatizika, na Zuba alikuwa ameupakata, vidole vinaingia na kutoka. Fundi alimtazama. Alikuwa amelitafuta neno tangu Jumamosi ile ya soksi, na akaona halitapatikana zuri zaidi ya hili.

"Mwanangu, nilikuonea. Nilikupiga kwa jambo ambalo hukulifanya kwa kutaka. Na lile jina nililitoa mimi. Nisamehe."

Vidole havikusimama. Mtaani mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, na safari hii kichwa cha msichana hakikugeuka.

"Sijui, Mama," alisema. "Nikijua nitakuambia."

Fundi alikuwa amezoea kwamba mtoto huyu husamehe kabla hajaombwa, naye alidhani ndivyo alivyoumbwa. "Haya," alisema. "Lakini usisahau kuniambia."

Zuba aliupata mwisho wa uzi, akauvuta polepole, ukaanza kunyooka.

"Vingine huwa sisahau, Mama."